Mzee akisema "sijambo": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wazee wetu wa Moshi na Arusha wanavyoiona afya yao

Maswali haya yametoka kwa watoto, wajukuu, wakwe na wahudumu wa afya wanaoishi na wazee Moshi mjini, vihambani (kwenye mashamba ya ukoo ya Wachagga) na upande wa Arusha. Mengi huulizwa Desemba na Januari, watu wakiwa wamerudi nyumbani na kukuta hali isiyofanana na waliyokuwa wakiambiwa kwenye simu. Ukurasa huu haumpimi mtu wala haumwandikii dawa. Unaeleza kwa nini mzee anasema anachosema kuhusu mwili wake, na ufanye nini ukishamsikia.

## Ya kuanzia

1. Mzee ni nani?

Kwa serikali ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Ndivyo inavyosema Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na ndicho kigezo utakachokutana nacho hospitalini. Nyumbani hesabu ni nyingine. Vihambani mtu anakuwa mzee akishapata wajukuu, au akishakuwa yule anayesubiriwa ndipo kikao cha ukoo kianze. Kwa Wamaasai, mwanamume huingia uzee rika lake linapovuka kutoka umorani, na wakati huo bado ana nguvu zake zote.

Uzee wa hadhi watu wanautamani. Uzee wa magoti na macho wanauficha. Mtu huyohuyo anabeba vyote viwili, kwa hiyo ukimuuliza habari za afya mbele ya wageni atakujibu kwa hadhi, na ukimuuliza usiku jikoni pengine atakujibu kwa magoti.

2. Kwa nini tumuulize anavyojiona? Si apimwe tu?

Apimwe, na aulizwe pia. Mwaka 1997 watafiti Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27 zilizowauliza watu swali dogo sana: kwa jumla, afya yako unaionaje? Karibu katika tafiti zote, walioiona afya yao kuwa mbaya walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata, hata baada ya magonjwa yao yanayojulikana kuhesabiwa. Mtu anajua jambo fulani kuhusu mwili wake ambalo kipimo hakilioni.

Lakini mwili nao unanyamaza. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta karibu 70 katika kila 100 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hawa ukiwauliza wangesema wako vizuri, na wangekuwa wakweli kabisa.

Mazoea ya mahali nayo yana nguvu. Mwaka 2002 Amartya Sen aliandika kuhusu majimbo mawili ya India. Kerala, ambako watu waliishi miaka mingi kuliko majimbo mengine, ndiko watu walikotaja maradhi mengi zaidi. Bihar, ambako maisha yalikuwa mafupi, walitaja machache. Kerala ina shule na huduma za afya nyingi, watu wanajua kipi kinatibika, kwa hiyo wanakitaja. Ukifika kijijini ukakuta wazee wote "hawana shida", kumbuka Bihar.

3. Mbona kila nikimuuliza anasema hajambo?

Kwa sababu umemsalimia, hujamuuliza. "Hujambo" jibu lake ni "sijambo", na "habari za asubuhi" jibu lake ni "nzuri", hata kama mtu hajalala usiku kucha kwa maumivu ya kiuno. Huo si uongo. Kwetu salamu ni kumhakikishia mwenzako kwamba amani ipo kati yenu, na hali halisi hufuata baadaye, baada ya neno moja dogo: "ila". "Nzuri tu baba, tunamshukuru Mungu, ila huu mguu..."

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuifikii "ila". Mtoto anapiga simu kutoka Dar akiwa kwenye foleni, anasalimia, anasikia "nzuri", anauliza kama hela imeingia, anaaga. Kliniki nako mtoa huduma ana wagonjwa arobaini nje. Kwa mzee, kuruka moja kwa moja kwenye ugonjwa kabla salamu hazijaisha ni kukosa adabu, naye hatakosa adabu kwa ajili ya mguu wake.

Basi maliza salamu zote. Uliza habari za ng'ombe, za majirani, za mvua. Kisha nyamaza kidogo. Baada ya hapo uliza mambo ya kutenda, si ya kujisikia: Majani ya ng'ombe anakata nani siku hizi? Jumapili ulikwenda kanisani kwa miguu? Msikiti wa juu bado unaupanda, au unaswali nyumbani? Mwanamke aliyekuwa akishusha mkungu wa ndizi hadi sokoni Kiboriloni mwaka jana, na mwaka huu anamtuma kijana, amekwisha kukueleza habari za kifua au miguu yake bila kulalamika hata neno moja.

Kuna sababu nyingine pia. Wazee wengi wanaona kwamba kulalamika ni kumkosea shukrani Mungu aliyewafikisha hapo wakati wenzao hawapo. Usibishane na shukrani hiyo. Ipokee, halafu uliza tena.

4. Nesi aliambiwa hivi, mimi nikaambiwa vile. Nani kaambiwa kweli?

Wote wawili, kila mmoja kipande chake. Baba mwenye shida ya mkojo hatamweleza nesi binti wa umri wa mjukuu wake. Mama mkwe hatamweleza mke wa mwanawe. Mtoto anayelipa gharama ndiye anayefichwa zaidi, kwa sababu mzee anapiga hesabu: nikisema, ada za wajukuu zitakwenda hospitali.

Anayejua mengi mara nyingi ni rika lake: yule anayeketi naye kwenye mbege, au mwenzake wa jumuiya. Mtafute huyo kwa heshima. Nanyi watoa huduma, anzeni na "shikamoo", mwiteni baba, mama, babu au bibi, na swali la sirini liulizwe na mtu wa jinsi yake pale inapowezekana.

## Uzee au ugonjwa?

5. "Ni uzee tu." Ni kweli?

Mara chache kuliko tunavyodhani. Nywele kuwa nyeupe ni uzee. Kutembea polepole kidogo na kuamka alfajiri bila kuamshwa, sawa. Lakini kutoona vizuri mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kuamka usiku mara tano kukojoa kunaweza kuwa tezi dume au sukari. Ganzi ya miguu inaweza kuwa sukari. Kuanguka mara kwa mara kuna sababu yake: macho, dawa, presha, misuli iliyoisha nguvu.

Neno hili lina madhara kwa sababu linasemwa na wote. Mzee analisema ili asisumbue. Mtoto analisema kwa sababu linampunguzia wasiwasi. Na mara nyingine, inauma kulisema, linatoka kwa mtoa huduma mwenyewe: "Bibi, huo ni uzee." Bibi akishaambiwa hivyo mara moja na mtu aliyevaa koti jeupe, hatarudi.

Jinsi mtu anavyoutazama uzee huingia hadi mwilini. Utafiti wa Becca Levy na wenzake huko Ohio, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba waliokuwa wakiutazama uzee wao kwa wema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wale walioutazama kwa ubaya.

6. Kwa nini anaacha dawa za presha akijisikia vizuri?

Kwa sababu maisha yake yote amefundishwa na malaria. Malaria unaumwa, unapewa dozi, unameza siku tatu, unapona, unaacha. Kwa kipimo hicho, mtu anayemeza dawa mwaka wa pili au hajapona au anadanganywa. Hakuna aliyemweleza kwamba presha haina kumaliza dozi.

Lingine ni jina lenyewe. Kwa wengi "presha" ni mawazo na hasira. Ugomvi wa shamba ukiisha, au mtoto aliyepotea akirudi, presha nayo imekwisha. Kuna ukweli ndani yake, maana hofu hupandisha kipimo kwa muda, lakini mishipa inaendelea kuumia wakati mtu ametulia, na kiharusi hakisubiri ugomvi.

Mfano ninaoutumia vihambani ni kupalilia. Kihamba ukikipalilia kinapendeza, lakini hakuna anayesema "sasa kimepona, nikiache". Wazee wanauelewa mara moja. Kama ameacha kwa kukosa hela, hatasema. Tazama swali la 16.

7. Babu wa Maji ya Chai, karibu na Mlima Meru, ana meno ya kahawia na mgongo uliokakamaa, lakini anasema ndivyo watu wa kwao walivyo. Ni sawa?

Huu ndio mfano mzuri zaidi nilionao wa namna jamii inavyoweza kuuzoea ugonjwa hadi ukawa kitambulisho. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, yatokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua akinywa yaliyozidi hupata meno ya kahawia, na mtu aliyeyanywa miaka mingi, tena yakiwa na floraidi nyingi sana, anaweza kukakamaa mgongo na viungo.

Babu huyu akijilinganisha na rika lake haoni tofauti, kwa sababu wote walikunywa mto mmoja. Akija Moshi au Dar ndipo anaanza kufumba mdomo akicheka. Mgongo uliokwisha kukakamaa haurudi kama zamani, ila maumivu yana matibabu, na wajukuu bado wanaweza kuepushwa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, huipunguza, na maji ya mvua ni salama zaidi kwa upande huo. Magadi ya kulainishia maharage nayo huwa na floraidi.

8. Daktari amemwambia mama apunguze uzito, naye hataki kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu anajua kitakachosemwa sokoni. "Umenenepa" kwetu ni pongezi: watoto wanakutunza. "Umepungua" ni swali, na waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka kukonda kulimaanisha nini wakati UKIMWI ulipoingia. Mama wa miaka 68 akikonda, wanaodhalilika ni pamoja na watoto wake.

Usimwambie habari za kilo. Mwambie habari za magoti na sukari. Na majirani wa karibu wajue, kwa ruhusa yake, kwamba amebadilisha chakula kwa ushauri wa daktari.

9. Anasahau sana. Ni kawaida ya umri?

Kusahau ulipoweka miwani ni kawaida. Kupotea njia ya kihamba ulichozaliwa, kumsahau mwanao, au kuuliza jambo lilelile mara kumi asubuhi moja si kawaida. Hukohuko Hai, utafiti wa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili wa uzeeni unaokula kumbukumbu. Yaani katika kijiji chochote wapo, na majina wanayopewa ni "amerudi utotoni", "amechanganyikiwa" au, vibaya zaidi, "amerogwa" na "anaroga".

Mzee mwenyewe huwa anajua mwanzoni, na anaficha kwa ustadi mkubwa: anacheka, anarudisha swali kwako, anaacha kwenda vikaoni. Akiacha vikao ghafla mtu aliyekuwa anavipenda, mpeleke akapimwe.

## Nyumbani na ukoo

10. Tukija Krismasi mama anaumwa, tukiondoka anapona. Anatafuta huruma?

Nakuomba usiliite hivyo. Mwaka mzima amejikaza kwa sababu hakuna wa kumwambia. Mlipokuja amelegea, kama mtu anayetua mzigo. Maumivu yalikuwepo Agosti pia.

Inawezekana vilevile kwamba ugonjwa ndiyo lugha pekee inayowakusanya. Ukimwambia mtoto "nakukumbuka", atasema atakuja Pasaka. Ukimwambia "kifua kinabana", anapanda basi usiku huo. Jibu la mambo yote mawili ni moja: mpelekeni akapimwe, kisha mpange zamu ya kuja na kupiga simu isiyosubiri ugonjwa.

11. Baba anakataa fimbo ya kutembelea.

Anakataa fimbo ya mgonjwa, hakatai fimbo. Wazee wetu wameshika fimbo vikaoni tangu zamani, na mzee wa Kimaasai bila fimbo yake hajakamilika. Mletee ya mti mzuri, iliyochongwa, yenye urefu unaomfaa, umkabidhi mbele ya watu kama zawadi ya heshima. Hakikisha tu chini ina mpira usioteleza.

12. Tulimhamishia mjini tumtunze vizuri, akaanza kuumwa. Tumekosea?

Nia haikuwa kosa. Kihamba kwa Mchagga si shamba tu. Humo wamelala waliomtangulia, na kila asubuhi kuna kitu kinachomhitaji: ndizi, ng'ombe, mfereji. Ghorofani Dar hakuna kinachomhitaji. Anakaa kwenye kochi, mwili unapoa, anaanza kuusikiliza, na kweli unauma.

Kama hali yake inaruhusu, mtafutieni msaidizi abaki kwake. Kama hairuhusu, mpeni kazi ya kweli mjini, hata kama ni kuku wanne, na arudi nyumbani kwa ajili ya misiba na harusi. Usimnyime misiba kwa kumhurumia.

13. Bibi analea wajukuu wanne na hajawahi kusema amechoka.

Hatasema. Akisema, swali litakalofuata ni "watoto waende wapi?" Kulea humpa sababu ya kuamka, na huo ni msaada kwa afya yake, lakini pia ndiyo sababu anaruka kliniki na kula mwisho. Usimuulize kama amechoka. Uliza alikula nini jana usiku, na daftari lake la kliniki liko wapi.

## Imani na tiba

14. Anaamini ugonjwa wake ni laana au deni la ukoo. Nimwambie ni ujinga?

Hapana. Muulize ni deni gani. Mara nyingi utakuta jambo halisi: mpaka wa shamba, ndugu aliyezikwa bila kupatanishwa, maneno aliyoyatamka mama yake kwa hasira. Uchaggani jani la isale hupelekwa kuomba msamaha, na anayepelekewa huona uzito kulikataa. Jambo hilo likishughulikiwa, mzee hulala usingizi. Sukari yake haitashuka kwa sababu ya isale, na yeye mwenyewe akielezwa taratibu huelewa kwamba haya ni mambo mawili, kila moja na tiba yake.

15. Aliacha dawa kwa sababu ameombewa. Tufanyeje?

Kumbukeni mwaka 2011, Samunge, Loliondo. Maelfu walipanga foleni ya magari kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na wazee wenye presha na sukari walikuwa wengi. Watu walifuata pale heshima na tumaini ambavyo hawakuvipata kwingine. Wapo walioacha dawa zao wakadhoofika.

Wapelekeeni ombi viongozi wa dini wenyewe. Neno la mchungaji, padri au shehe kwamba kumeza dawa si kukosa imani lina uzito kuliko masomo kumi ya wajukuu. Kwa Mwislamu mwenye sukari, swali la kufunga Ramadhani lifikishwe mapema kwa daktari na kwa shehe. Ruhusa kwa mgonjwa ipo.

## Fedha

16. Matibabu ya wazee si bure?

Sera inawatambua wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kuwa watibiwe bila malipo, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Tatizo huanza dawa zinapokuwa hazipo na mzee akaandikiwa akanunue nje. Anakunja karatasi, anaiweka mfukoni, na nyumbani anasema "wamesema niko vizuri". Kagua mfuko huo. Nauli nayo ni kikwazo: kutoka vijiji vya juu Rombo hadi hospitali za Mawenzi au KCMC, Moshi, ni siku nzima.

Upande wa bara hakuna pensheni ya wazee wote kama ile iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016, kwa hiyo afya ya mzee inapitia mfukoni mwa mtoto, na aibu inaanzia hapo.

## Hali zisizo za kawaida

17. Vipimo vyote ni vizuri, lakini anasema anaumwa.

Mwaminini. Wazee wetu wachache watasema "nina huzuni". Watasema mwili unawaka, moyo unakwenda mbio, kichwani kuna kitu kinatembea, chakula hakina ladha. Uliza nani amefariki, na lini. Mjane aliyezika mume mwaka jana na sasa "anaumwa mgongo" pengine ana sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, na sonona inatibika. Mtajieni daktari msiba huo, maana yeye mwenyewe hatautaja.

18. Haongei Kiswahili vizuri. Mjukuu atafsiri?

Kwa mambo ya kawaida, sawa. Kwa mambo ya mkojo, uzazi au kifo, hapana; bibi atanyamaza na mjukuu atabuni. Tafuta mtu mzima wa jinsi yake anayeijua lugha hiyo, asiyetoka ndani ya familia.

19. Ana saratani. Watoto wengine hawataki aambiwe.

Mara nyingi ameshajua kwa namna mnavyoingia chumbani. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani, na nani awepo. Wapo watakaosema "mwambie mwanangu wa kwanza", na hilo nalo ni uamuzi wake. Kumficha kabisa kunamnyima nafasi ya kugawa shamba, kupatana na ndugu (swali la 14) na kusema anataka kuzikwa wapi.

20. Anasema "nimeshaishi, niacheni". Tumwache?

Tenganisheni mambo matatu. Huenda ni sonona (swali la 17). Huenda ni hesabu ya ada (swali la 4). Huenda ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu aliyechoshwa na hospitali. Kaeni naye mkijua ni lipi kabla ya kubishana.

Kama ni la tatu, kuacha tiba ya kuponya si kuacha kutunzwa. Ipo tiba shufaa, ya kupunguza maumivu na kumtuliza mgonjwa na familia. Hospitali ya Selian, Arusha, ni miongoni mwa zinazoitoa. Ulizeni hospitali yenu kuhusu morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mzee asiye na maumivu anaweza kuketi barazani, akaonja mtori, na akawaambia mwenyewe anayotaka kuwaambia.